Ngoma ya Walokele na Sikio la Babu

Watoto, sogeeni. Ukiteremka na mto kutoka Kisangani mpaka Yakusu, unafika kwa Walokele, watu wa ngoma inayosema. Ni gogo lililochimbwa ndani, lenye sauti mbili tu: moja nene, moja nyembamba. Haitamki s wala k. Kwa hiyo maneno ya Kilokele ya baba, mwezi na kuku hulia sawasawa. Mpigaji afanyeje? Hapigi mwezi peke yake. Hupiga mwezi unaoitazama dunia. Fungu zima la maneno halimpotei msikilizaji wa ng'ambo.

Ishikeni ngoma hiyo, tutairudia.

Huko Kisangani, kwenye maporomoko ya Wagenia, yupo msichana ambaye sikio lake la kulia linatoa usaha. Ukimwita upande huo, hageuki. Zibeni masikio kwa vidole, mtaje majina yenu. Mmesikia? Wengine wamekwenda mbali, sauti yako inavuma kichwani. Kwa kawaida sauti huingia tunduni, hutikisa kiwambo chembamba kama ngozi ya ngoma, kisha vifupa vitatu, na kidogo kuliko vyote hakifiki punje ya mchele. Njia ikizibwa na nta au usaha, au kiwambo kikitoboka, mlio hufika umefifia. Uziwi huu mara nyingi hutibika, mtoto akiwahishwa kituo cha afya. Mafuta ya moto na unyoya wa kuku msitie sikioni kabisa.

Babu yake, mvuvi, njia yake iko wazi. Kilichochakaa kiko ndani zaidi, kwenye kitu kilichojikunja kama konokono. Humo mna seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000, na zikifa hazioti tena. Uzee huziua, jenereta na spika zenye kelele huziua, homa ya uti wa mgongo pia. Hata jentamisini, dawa inayookoa maisha, huweza kuziua. Mara nyingi hutangulia kufa zile za sauti nyembamba. Mjukuu akisema "samaki", Babu husikia a-a-i. Ni samaki au ni wakati? Msichana hupaza sauti, naye Babu hukunja uso, maana kelele humuumiza na neno halijafunguka.

Wapo wenye yote mawili, nta nje na uchakavu ndani. Wakisafishwa hurudishiwa sehemu tu. Na wapo wasiosikia kabisa, ambao lugha yao ni ya mikono. Andrew Foster, Mmarekani aliyekuwa kiziwi tangu umri wa miaka 11 kwa homa hiyohiyo ya uti wa mgongo, alifungua shule ya viziwi Ghana mwaka 1957, kisha nyingine katika nchi nyingi za Afrika, Kongo ikiwamo.

Jioni moja msichana aliacha kupiga kelele, akafanya kama mpigaji ngoma: hakutaja samaki peke yake. Alikaa mbele ya Babu, kwenye mwanga, mkono mbali na mdomo, akasema polepole: "Babu, wale samaki walionaswa asubuhi wako kwenye kikapu, jikoni."

Babu akamtazama midomo. "Wangapi?" akauliza.