Kagua Chuma cha Trekta Kabla ya Kupukuchua Mahindi

Msimu wa kupukuchua mahindi umefika, na trekta zinazovuta mashine zinapita kutoka boma moja hadi jingine. Kabla dereva hajawasha injini bomani kwako, inama uangalie chuma kirefu kinachounganisha trekta na mashine. Mafundi hukiita PTO.

Kwa kawaida chuma hicho huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kila sekunde. Ncha ya leso ikigusa hapo, leso yote hujiviringisha na kumvuta aliyeivaa kabla hajapata nafasi ya kupiga kelele. Mkono wa koti ni vivyo hivyo. Ndiyo maana chuma hutoka kiwandani kikiwa na kifuniko cha plastiki. Kifuniko kikivunjika, wengine hukitupa na kazi ikaendelea.

Wewe ndiwe unayelipia kila gunia, kwa hivyo kataa mashine isiyo na kifuniko. Si rahisi, tunajua, hasa wingu likitanda na majirani wakingoja zamu yao.

Kazi ikianza, usiruke chuma hicho hata kama umechoka kuzunguka trekta. Mahindi yakikwama, injini izimwe na ufunguo utolewe kabla mtu hajaingiza mkono. Kupunguza mwendo hakutoshi. Leso na shuka ziwekwe kando. Nao watoto, ambao hupenda kuokota punje chini ya mashine, wakae mbali mpaka injini inyamaze.