Mteremko Upimwe na Anayeupanda

Zahanati inapojengwa katika kata kama Igalula, wilayani Uyui, mkoani Tabora, wakaguzi hutazama paa, sakafu na rangi, na siku hizi pia njia ya mteremko kando ya ngazi. Zege likishakauka, huhesabiwa kuwa mwenye ulemavu naye amekumbukwa. Lakini kipimo kinachotumika sana duniani hudai sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo. Baraza lililoinuka sentimita 45 linahitaji mteremko wa mita 5.4. Ukijengwa wa mita 2, mwenye kitimwendo hapandi bila kusukumwa, na akishuka anaweza kupinduka. Anayetembea kwa miguu yake haoni kasoro hapo. Mwenye kitimwendo angeiona kwenye mchoro, kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujafunguliwa. Ndiyo maana nashikilia kwamba watu wenye ulemavu waulizwe wakati bajeti ingali mezani, wasingoje kualikwa siku ya uzinduzi.

Si wachache hao. Sensa ya 2022 ilionesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu. Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki zao mwaka 2009, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 ikafuata. Mkoa wa Tabora ndio hasa usio na udhuru, maana shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa hapo mwaka 1963. Zaidi ya miaka 60 baadaye, kiziwi aliyeketi kwenye benchi la wagonjwa akiitwa kwa sauti tu, zamu yake inampita. Na mama kiziwi asiye na mkalimani hulazimika kuipitisha siri ya ugonjwa wake kwa mwanawe.

Watasema fedha hazitoshi. Mteremko wa kubomoa na kujenga upya ndio ghali, na mengine hayagharimu kitu: asiyeona akipewa bahasha mbili za vidonge zinazofanana, moja ikifungwa kwa mpira ataitambua kwa vidole. Watasema pia wauguzi wanawajua wagonjwa wao. Wanajua tiba, na tunawashukuru. Ila aliyeshindwa kufika kituoni hawamwoni kabisa. Wala mjumbe mmoja mwenye ulemavu hatoshi, kwani kiziwi hawezi kumsemea asiyeona. Wenyeviti wa vijiji vya Igalula, kamati ya kituo ikikaa kupanga bajeti ijayo, waiteni wote, na mkalimani awepo.