Waraka wa Shukrani na Kopo la Halua



Jioni moja, baada ya sala ya Magharibi, alinijia binti wa mtaani petu pamoja na mamake. Asubuhi ya siku hiyo binti alikuwa amehojiwa kwa kazi ya ukarani katika afisi moja mjini Mombasa. Mama alikuwa amepakata kopo la halua, akitaka lipelekwe kesho yake kwa mwenyekiti wa jopo. "Sheikhe," akaniambia, "mkono mtupu haulambwi." Binti yeye alitaka kuandika barua tu ya kushukuru, ila alikuwa na wasiwasi. "Maalim, hawataniona najipendekeza?"

Ndugu zangu, kushukuru si kujipendekeza. Katika hadithi aliyoipokea Abu Huraira (r.a.), iliyomo katika vitabu vya Abu Daud na Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa shukrani ya mja kwa Mola wake imefungamana na kuwashukuru watu. Walioketi kumsikiliza binti yule walimpa wakati wao, nao wakati ni neema.

Ama halua, hiyo ni habari nyingine. Katika Bukhari na Muslim kimo kisa cha Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka, akarejea akidai kuwa sehemu ya mali ile amezawadiwa yeye. Mtume (s.a.w.) alipanda mimbari akalikemea jambo hilo, akauliza iwapo zawadi zingalimfikia mtu huyo lau angaliketi nyumbani kwa wazazi wake. Basi nasi tujiulize: mwenyekiti yule, lau si kiti chake, angaliletewa halua? Sheria ya nchi nayo, ile ya hongo ya mwaka 2016, humtia hatiani mtoaji wa hongo sawa na mpokeaji.

Nilimshauri binti aandike kabla ya siku kupita, kwa anwani ileile ya barua pepe iliyomwita, wala si kwa simu ya mtu binafsi usiku. Majina ayaandike sawasawa. Ataje jambo moja lililozungumzwa, asieleze shida za nyumbani, wala asihimize jibu. Asubuhi yake akaandika:

"Nawashukuru kwa kunisikiliza jana. Nilifaidika na maelezo yenu kuhusu utunzaji wa kumbukumbu za wateja, kazi ninayoiweza na kuipenda. Nawatakia kila la heri katika uteuzi wenu."

Kazi ile hakuipata. Mama alirudi kwangu amehuzunika. "Sheikhe, laiti tungalipeleka ile halua!" Sikuwa na la kumwahidi. Nilimwambia tu kuwa mshahara uliopatikana kwa hongo ndio ambao ungalinunua unga wa nyumbani kwake, mwezi baada ya mwezi. Na kwamba barua ya mwanawe haikuandikwa ili inunue kitu.

Binti aliandika tena, mistari miwili, kuwashukuru kwa kumjulisha matokeo. Hiyo ndiyo shukrani iliyo ngumu, na ndiyo iliyo safi, kwani haina tena la kutarajia.

Halua tuliila wenyewe barazani, kwa kahawa chungu.

Mwenyezi Mungu awaruzuku vijana wetu kazi za halali, na azitie baraka. Amin.

Wabillahi tawfiq.