Mwanasesere Katika Wodi ya Wazazi: Kwa Nini Wauguzi Hujizoeza Kabla ya Kumgusa Mgonjwa

Mwananchi anayepita karibu na wodi ya wazazi au chuo cha uuguzi anaweza kukutana na jambo la kushangaza: muuguzi aliyekwisha kuhitimu amemwinamia mwanasesere wa plastiki, anampumulisha kwa mfuko na barakoa, na mwenzake amesimama kando akihesabu sekunde. Kwa aliyekaa foleni tangu asubuhi, ni rahisi kudhani kwamba saa za kazi zinapotea katika michezo. Dhana hiyo inaeleweka, maana uhaba wa watumishi wa afya ni jambo linalojulikana katika kila kata. Makala haya yanaeleza mazoezi hayo ni ya nini, yameleta matokeo gani hapa Tanzania, yana mipaka gani, na mwananchi ana nafasi gani katika kuyasimamia.

Dakika ambayo haisubiri

Watoto wengi huanza kupumua wenyewe mara wanapozaliwa. Hata hivyo, katika kila watoto 100, takriban 10 huhitaji kukaushwa na kusuguliwa mgongo ndipo wapate pumzi, na wengine kati ya 3 na 6 hivi hawapumui mpaka wapumulishwe kwa mfuko na barakoa. Kazi hiyo hutakiwa kuanza ndani ya dakika moja, nayo wakunga huiita Dakika ya Dhahabu. Utafiti uliofanyika katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, na kuchapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba kila sekunde 30 za kuchelewa kumpumulisha mtoto wa namna hiyo ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au ya kulazwa kwa muda mrefu.

Sasa ichukuliwe zahanati inayozalisha akina mama 100 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo, watoto wanaohitaji kupumulishwa watakuwa watatu, wanne, pengine sita kwa mwaka mzima. Miezi kadhaa yaweza kupita bila hata mmoja. Kisha, usiku wa mvua, barabara ya mlimani ikiwa imejaa utelezi na gari la wagonjwa likiwa mbali, anazaliwa mtoto asiyelia. Muuguzi aliyejifunza kitendo hicho chuoni miaka minne iliyopita anatakiwa kukifanya papo hapo bila kukosea. Akili inaweza kukumbuka maelezo ya kitabu, lakini mkono usiozoea husahau.

Nyanda za Juu Kusini zina jambo lingine la kuongeza, nalo ni baridi. Mtoto mchanga hutoka katika joto la mwili wa mama akiwa amelowa, na katika miezi ya Juni na Julai, iwe Mufindi, Kilolo, Rungwe au kwenye miinuko ya Uporoto, hupoteza joto kwa haraka sana. Kwa hiyo kumkausha, kumvika kofia na kumweka kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, ni sehemu ya matibabu yenyewe, nako kunafanyiwa mazoezi kama kupumulisha kunavyofanyiwa.

Hali ni hiyo hiyo kwa mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Damu hiyo inaweza kuyachukua maisha yake kwa muda mfupi sana. Anayemhudumia hana nafasi ya kufungua kitabu.

Mwanasesere ana historia yake

Wazo la kujizoeza kwa sanamu si geni. Mwaka 1911, shule ya wauguzi ya hospitali ya Hartford nchini Marekani iliagiza kwa mtengenezaji wa wanasesere, Martha Chase, sanamu yenye ukubwa wa mtu mzima ili wanafunzi wajifunze kumgeuza, kumwogesha na kumhudumia mgonjwa. Mwaka 1960, Asmund Laerdal wa mji wa Stavanger, Norway, ambaye kiwanda chake kilikuwa kikitengeneza vitu vya kuchezea watoto, alitoa sanamu ya kufundishia namna ya kumrudishia pumzi mtu aliyezimia. Kutoka Stavanger hiyo hiyo ndiko kulikotoka mwanasesere mchanga anayetumika leo katika wodi nyingi za Tanzania. Hujazwa maji ili awe na uzito wa mtoto halisi, na kifua chake huinuka pale tu barakoa inapokaa sawasawa usoni.

Kwa ajili ya kutokwa na damu, kipo kifaa ambacho mkufunzi hukivaa tumboni kama aproni. Mkufunzi huwa mama anayejifungua. Huongea, hulalamika na kuuliza maswali, na kwa siri hufungua mfereji wa maji mekundu kutoka mfuko uliofichwa. Mwanafunzi hulazimika kulikanda tumbo la uzazi, kuita msaada, kutoa dawa ya kulifanya tumbo likaze, kukisia kiasi cha damu iliyopotea, na wakati huo huo kumtuliza mama kwa maneno ya staha. Jambo hili la mwisho halifundishwi vizuri na kitabu chochote.

Somo la Haydom: siku moja haitoshi

Mwaka 2009, Tanzania ilianza kuwafundisha watumishi wa hospitali nane namna ya kuwasaidia watoto kupumua, kwa kutumia wanasesere hao. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013, yakihusu watoto zaidi ya 80,000, yalionyesha kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47, na watoto waliozaliwa wafu ilhali walikuwa hai muda mfupi kabla ya kuzaliwa walipungua kwa asilimia 24.

Lakini Haydom, iliyokuwa miongoni mwa hospitali hizo, ilileta pia onyo. Watafiti waliwapima watumishi baada ya mafunzo ya siku moja yaliyotolewa mwaka 2010. Miezi saba baadaye, watumishi walifanya vizuri zaidi mbele ya mwanasesere, lakini huduma kwa watoto halisi katika chumba cha kujifungulia haikuwa imebadilika. Semina ilikuwa imepita, vyeti vilikuwa vimetolewa, na mambo yalibaki kama yalivyokuwa.

Hospitali ikabadili utaratibu. Mwanasesere aliwekwa ndani ya wodi, na watumishi wakawa wanajizoeza kwa dakika tatu hadi tano kila wiki, pamoja na marudio ya takriban dakika 40 kila mwezi. Baada ya hapo, vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mwanasesere alikuwa yule yule na hospitali ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mazoezi kuwa mafupi na ya mara kwa mara. Haba na haba hujaza kibaba.

Utaratibu huo ulipanuliwa kati ya mwaka 2021 na 2023 katika vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha kwamba vifo vya watoto vinavyotokea karibu na kuzaliwa vilipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila watoto 1,000, na vifo vya akina mama vilipungua kwa takriban robo tatu. Matokeo hayakulingana katika mikoa yote. Mbeya na Iringa hazikuwamo katika mpango huo, lakini kanuni yake haihitaji mradi ili ifuatwe: mwanasesere mmoja, kona moja ya wodi, na dakika tano zinazoheshimiwa kila wiki.

Mchezo wa simu na miwani ya uhalisia pepe

Neno "mchezo" linapotumika katika mafunzo haya halina maana ya mzaha. Maana yake ni kwamba mafunzo yamepangwa kwa namna ya mchezo: kuna ngazi za kupanda, alama za kupata, na makosa yanayoonekana hapo hapo. Baadhi ya wanasesere wa sasa huunganishwa na simu au kishikwambi, na baada ya zoezi humwonyesha muuguzi kama pumzi alizotoa zilikuwa chache mno, nyingi mno au za kutosha. Muuguzi anayeona kwamba jana alipata alama ndogo hurudi leo ajaribu tena.

Nchini Kenya, watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford walitengeneza programu ya simu ambayo humwingiza mtumishi katika hospitali ya kuigizwa kwenye skrini. Mtoto hapumui, muda unakwenda, na mtumishi huchagua hatua ya kuchukua. Akikosea, programu humweleza kosa na kumrudisha nyuma. Ipo pia programu kutoka Denmark inayofundisha huduma za dharura za uzazi kwa video za katuni na maswali. Ilijaribiwa nchini Ethiopia, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016.

Uhalisia pepe ni hatua ya mbele zaidi. Mwanafunzi huvaa miwani inayofunika macho yote na kujiona yumo ndani ya wodi: akigeuza kichwa kushoto anaona kitanda, akigeuka kulia anaona meza ya dawa. Ipo miwani ya bei kubwa, na ipo ya boksi gumu la karatasi ambayo ndani yake huwekwa simujanja ya kawaida. Namna hii ya pili ya kufundisha upumulishaji wa watoto wachanga imejaribiwa kwa wauguzi na wakunga wa Kenya na Nigeria.

Katika Mbeya na Iringa

Mikoa hii ina mapokeo marefu ya kuwaandaa wauguzi. Tosamaganga, nje kidogo ya mji wa Iringa, na Ilula, wilayani Kilolo, zina vyuo vilivyojengwa kando ya hospitali, hivyo mwanafunzi hutembea hatua chache tu kutoka darasani hadi wodini. Jijini Mbeya ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda, pamoja na hospitali yake ya wazazi ya Meta, inayopokea akina mama waliopewa rufaa kutoka sehemu nyingi za Nyanda za Juu Kusini.

Ukaribu huo wa chuo na wodi ni neema, lakini una swali lake: je, mwanafunzi ajifunzie kwa nani? Zamani jibu lilikuwa moja tu, yaani kwa mgonjwa. Mazoezi ya kuigiza yamebadili jibu hilo. Kosa la kwanza, la pili na la kumi hufanyika kwa mwanasesere, ambaye haumii. Mwanafunzi anapomfikia mama halisi, akiwa chini ya usimamizi wa mkunga aliyesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, mikono yake huwa imekwisha kuizoea kazi.

Mipaka ya mazoezi haya

Mwanasesere hazalishi damu ya kuongezewa mgonjwa, wala oksijeni, wala umeme usiku. Mkunga mmoja aliyebaki zamu peke yake na akina mama watatu hawezi kuwa mahali patatu kwa wakati mmoja, hata kama alama zake za mazoezi ni za juu. Kwa hiyo mazoezi hayawezi kutumiwa kama kisingizio cha kutoongeza watumishi au kutonunua dawa.

Miwani ya uhalisia pepe nayo ina upungufu wake. Baadhi ya watu hupata kizunguzungu wakiivaa. Programu nyingi zimeandikwa kwa lugha za kigeni. Zaidi ya yote, miwani haifundishi mkono: anayeivaa huona barakoa, lakini hausikii uzito wa kidevu cha mtoto wala hewa inayovuja pembeni ya barakoa. Kwa sababu hiyo, kituo chenye fedha kidogo kinafanya busara kuanza na mwanasesere na simu ambazo watumishi tayari wanazo, kabla ya kufikiria miwani.

Nafasi ya mwananchi

Kwanza, mama au ndugu anayehudumiwa na mwanafunzi ana haki ya kuelezwa hivyo, na ya kuuliza nani anamsimamia. Kuuliza kwa adabu si ukorofi.

Pili, kila zahanati, kituo cha afya na hospitali ya halmashauri hutakiwa kuwa na kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi, ambayo hushiriki kupanga matumizi ya fedha za kituo. Wananchi wanaweza kuwatuma wawakilishi wao wakaulize maswali manne: Je, kituo kina mwanasesere wa mazoezi? Je, amewekwa wodini au amefungiwa stoo? Mara ya mwisho alitumika lini, na daftari la mazoezi liko wapi? Je, mfuko na barakoa ya mtoto halisi vipo, ni safi, na viko mahali panapofikika bila kutafuta ufunguo?

Tatu, mazoezi yote haya humsaidia tu mama aliyefika kituoni. Mwaka 2022, takriban akina mama 81 katika kila 100 nchini walijifungulia katika vituo vya afya, na watoto 24 katika kila 1,000 waliozaliwa hai walifariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Familia zinazoishi mbali na barabara zinashauriwa kupanga mapema usafiri, akiba ya fedha na mahali pa kusubiri karibu na kituo, hasa msimu wa mvua.

Na mwananchi atakayewakuta wauguzi wakiwa na mwanasesere, awavumilie kwa dakika hizo tano. Lakini zikizidi na wagonjwa wakawa wanasubiri, au akipita miezi mingi bila kuyaona mazoezi hayo, alifikishe jambo hilo kwenye kamati ya kituo.