Churo za Kihispania: Namna ya Kuzipika Nyumbani na Vya Kuliwa Nazo



Jioni moja ya msimu uliopita nilikuwa nimekaa barazani nikipitia daftari la mizani, akanijia mama mmoja, mwanachama wetu wa siku nyingi, mwenye mikarafuu yake mwenyewe. Nilimwamkia, akaitika, kisha akatoa simu ya mjukuu wake na kunionyesha picha. "Mwanangu Katibu," akasema, "wewe uliyesoma, hebu nitazamie hivi vijiti. Ni tambi, ni visheti, au ni nini?"

Nikamwambia, "Mama, hizi ni churo, maandazi ya Wahispania."

Akacheka, akasema hakuja kwa ajili ya picha tu. Wakati wa uchumaji watu hukaa mpaka usiku wakichambua karafuu na makonyo, na njaa huwapata kabla ya chakula kuiva. Yeye huwauzia kaimati, lakini siku hizi kila nyumba ina muuza kaimati. Je, vijiti hivi vyaweza kupikwa kwetu, na vyaweza kumpatia chochote?

Nilimwomba siku chache nijaribu mwenyewe. Nilijaribu, na alama ya jaribio lile ingali mkononi mwangu mpaka leo. Nayaandika haya ili mwanachama yeyote atakayevutiwa na picha kama ile apate kujua mambo mawili: namna ya kuzipika, na namna ya kuzipika bila kuungua.

CHURO NI KITU GANI

Churo ni kijiti cha unga wa ngano, maji na chumvi, kilichokamuliwa katika tundu lenye umbo la nyota na kukaangwa katika mafuta mengi ya moto. Haina hamira wala tui, na ile ya Kihispania haitiwi yai. Nje hukauka na kulia mtu aumapo. Ndani hubaki laini. Kule Madrid huipinda mfano wa kitanzi. Kusini mwa Hispania watu hukamua unga kwa mzunguko katika karai kubwa, ukawa kama kamba iliyoviringwa; huugeuza mzima kwa vijiti viwili, kisha huukata kwa mkasi. Mjini Málaga huziita tejeringo, jina litokanalo na bomba lile la kukamulia. Ipo na nyingine nene zaidi iitwayo pora, ambayo unga wake hutiwa kiumushi.

Wahispania hula churo asubuhi kwa kifungua kinywa, au alfajiri watu warudipo kwenye sherehe, hasa usiku wa kuamkia mwaka mpya. Mjini Madrid liko duka liitwalo San Ginés ambalo limekuwa likiuza chokoleti na churo tangu mwaka 1894. Kule Mexico, katika mji mkuu, kuna duka maarufu lililoanza mwaka 1935, nalo huitwa El Moro, maana yake "Mwislamu wa Magharibi", kama Wahispania walivyowaita Waislamu waliotawala nchi yao zamani.

Jina hilo halikunishangaza. Sisi tuliopitia chuoni twajua kwamba kaimati yetu ni neno la Kiarabu, luqaimat, yaani matonge madogo. Kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226 kina kitu kiitwacho "matonge ya kadhi". Na vitabu vya Andalusi vya karne ile ile ya 13 vinaeleza andazi la kukaanga liitwalo isfanji. Utawala wa Waislamu Hispania ulikoma mwaka 1492 Granada ilipotwaliwa, lakini karai la mafuta halikuondoka pamoja na wafalme. Kuhusu churo yenyewe, wengine husema ni kazi ya wachungaji waliokuwa milimani bila ya tanuri, wakaipa jina la kondoo wao aitwaye churra. Hiyo ni hadithi ya barazani.

KARAFUU ILIVYOFIKA HISPANIA

Kuna habari nyingine ambayo mkulima wa karafuu hana budi kuijua. Mwaka 1519 merikebu tano ziliondoka Hispania chini ya Magellan kutafuta njia ya kwenda visiwa vya Maluku, ambako wakati ule ndiko pekee karafuu ilikoota. Magellan aliuawa njiani mwaka 1521. Merikebu moja tu, Victoria, ndiyo iliyozunguka dunia yote na kurudi, ikiongozwa na Elcano, mwezi Septemba 1522. Waliorudi nayo walikuwa watu 18, wamekonda. Lakini ngamani mlikuwamo karafuu zaidi ya tani 20 kutoka Tidore, na thamani yake ilitosha kufidia gharama za safari nzima.

Katika miaka hiyo hiyo Wahispania waliiteka Mexico, wakakuta wenyeji wakinywa kakao chungu iliyotiwa pilipili. Baadaye wakaitia sukari na mdalasini. Kitabu cha Kihispania cha mwaka 1631 juu ya chokoleti kinautaja mdalasini miongoni mwa viungo vyake. Basi kikombe kinacholiwa pamoja na churo ni kikombe cha watu wa viungo, nasi hatuwi wageni mbele yake.

VIPIMO NA KAZI YENYEWE

Kwa churo 24 hivi, za urefu wa kidole cha kati na zaidi kidogo, chukua:

Unga wa ngano vikombe 2, uliochekechwa.
Maji vikombe 2, kwa kikombe kile kile.
Chumvi kijiko kidogo 1.
Mafuta ya kupikia vijiko vikubwa 2, ya kutia katika maji.
Mafuta ya kukaangia, kina cha vidole vitatu au vinne ndani ya karai, yasizidi nusu ya karai.

Chemsha maji pamoja na chumvi na yale mafuta vijiko viwili. Yaache yatokote hasa. Epua, mimina unga wote kwa mara moja, kisha songa kwa mwiko kwa nguvu kama usongavyo ugali, mpaka unga ushikane na kuachana na sufuria. Hapa ndipo penye siri yote. Unga lazima uive kwa maji ya moto, na pasibaki hata kidonge kimoja kikavu ndani yake. Ukiona vidonge, vivunje kwa mgongo wa mwiko. Uache upoe dakika 10, upate kushikika.

Sasa ukamue. Wahispania wana bomba maalumu, lakini nyumba nyingi za kwetu zina mashine ya mkono ya kukamulia tambi za dengu. Toa kile kisahani cha matundu madogo, weka kile chenye tundu moja la nyota. Jaza unga, ushindilie vizuri pasibaki hewa, kisha kamua vijiti juu ya sinia lililopakwa mafuta kidogo.

Mafuta yawe na moto wa nyuzi 180 mpaka 190. Asiye na kipimo atupe kidonge kidogo cha unga: kikipanda juu upesi huku kimezungukwa na povu, na kikigeuka rangi kwa muda wa dakika moja hivi, mafuta yako tayari. Yakianza kutoa moshi, yamepita kiasi. Punguza moto, ngoja. Tia churo nne au tano tu kwa mara moja. Zikijazana, mafuta hupoa, nazo huyanywa. Zigeuze, zitoe baada ya dakika 3 au 4 zikiwa na rangi ya dhahabu, uzichuje mafuta.

YALIYONIPATA

Siku ya jaribio langu mashine ya tambi ilikuwa imeazimwa na jirani. Badala ya kungoja nikachukua mfuko wa plastiki, nikakata pembe yake kwa mkasi, tundu likawa la mviringo na nene kama kidole gumba. Tena maji hayakuwa yametokota. Yalikuwa na joto la chai. Mke wangu alisimama mlangoni na mtoto wa dada yangu, wananitazama. Akaniambia, "Bwana, unga huo hukuusonga, umeuchanganya tu." Nikajibu kwamba nafuata maandishi.

Churo tatu za kwanza zilitoka salama. Ya nne ilivimba katikati, nami nikainama kuitazama. Ikapasuka kwa kishindo kama fataki, mafuta yakaruka juu ya kifundo cha mkono wangu na ukutani. Mtoto alikuwa hatua mbili nyuma yangu. Alisalimika kwa sababu mke wangu alikwisha mvuta nyuma pale alipoona uvimbe. Mimi niliyesoma sikuona.

Sababu yake nimeielewa baadaye. Ngozi ya nje ya churo huganda upesi katika mafuta. Maji yaliyo ndani hugeuka mvuke, na mvuke hutafuta njia. Kijiti cha mviringo, kinene, chenye hewa au unga mbichi ndani, hakiupi mvuke njia. Basi huivunja ngozi yenyewe na kurusha mafuta. Nyota ile si pambo. Mifereji yake huufanya moto ufike ndani upesi na sawasawa, na ngozi yake hufunguka kidogo kidogo bila ya kupasuka. Kwa hiyo tundu la mviringo ni marufuku, maji yasiyotokota ni marufuku, na kusimama uso juu ya karai ni marufuku. Watoto wakae mbali, na karai liwe juu ya jiko lisiloyumba.

Mtu akiungua, mkono utiwe chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, avue pete au bangili mapema, kisha ufunikwe kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, unga wa ngano, na mafuta ya taa havina kazi hapo; huongeza madhara. Jeraha likiwa kubwa, au la usoni, au la mtoto, apelekwe hospitali bila kukawia. Na mafuta yakishika moto, usimwage maji kamwe: zima jiko kama waweza kulifikia, funika karai kwa kifuniko, liache hivyo mpaka lipoe.

VYA KULIWA NAZO

Wahispania huzichovya katika chokoleti nzito, ambayo ni ya kuchovya kwanza na kunywa baadaye. Chukua maziwa nusu lita, kakao ya unga isiyo na sukari vijiko vikubwa 4, sukari vijiko vikubwa 4, na wanga wa mahindi kijiko kikubwa 1 na nusu. Koroga kakao, sukari na wanga kwa maziwa baridi kidogo mpaka pasiwe na madonge. Maziwa yaliyobaki yachemshe pamoja na kijiti cha mdalasini na karafuu 2. Toa viungo, mimina ule mchanganyiko, koroga juu ya moto mdogo mpaka uwe mzito. Kakao si lazima itoke ng'ambo. Kyela, mkoani Mbeya, hulimwa kwa wingi.

Nasema karafuu 2, wala si 5. Twaipenda mali yetu, lakini mafuta ya karafuu hutia ganzi ulimi, na ulimi wenye ganzi hauonji chokoleti.

Wamexico huviringisha churo katika sukari iliyochanganywa na mdalasini wa kusaga: robo kikombe cha sukari kwa kijiko kidogo kimoja cha mdalasini. Yafanyike churo zingali za moto, la sivyo sukari haishiki. Wengine huzijaza maziwa ya mbuzi yaliyochemshwa na sukari mpaka yakawa mazito. Nyumbani kwangu tumezila kwa shira nyepesi ya iliki na karafuu, na kwa asali ya nyuki. Lakini aliye na haraka anywe nazo kahawa chungu. Utamu wa sukari na ukali wa kahawa vyapatana.

NENO KWA ANAYETAKA KUUZA

Kaimati hunywa shira na kukaa mpaka kesho. Churo haina subira hiyo. Baada ya nusu saa huanza kulegea, na ikilala huwa kama kuni. Asikaange mtu mchana auze jioni. Anayeuza asonge unga wake karibu na saa ya kuuza, akaange mbele ya mnunuzi, na mafuta yakishakuwa meusi au yakitoa povu na harufu ya kuungua, ayaache. Faida ya kuyarudia ni ndogo kuliko hasara ya jina.

Yule mama nilimweleza haya yote, na nikamwonyesha mkono wangu. Aliutazama, akasema, "Mwanangu, kumbe ulinitangulia kuungua." Kisha akaenda kuiazima mashine ya tambi. Jioni aliyoanza alipika unga wa vikombe vinne, akaweka jiko kando ya ukuta mbali na majamvi ya karafuu na njia ya watoto, akauza zote kabla ya Isha. Siku ya pili wachambuaji walimuuliza mbona amechelewa. Kaimati hajaziacha, anasema wazee wasio na meno hawamwelewi kwa churo.

Mwanachama atakayejaribu na akapata njia bora ya kukamua, au shira iliyo nzuri kuliko yangu, na aniletee habari ofisini siku ya mizani, niitie katika toleo lijalo.

Wenu,
Katibu