Uanazuoni wa Michezo ya Kompyuta

Huko Tabaka, upande wa Mugirango Kusini, ambako jiwe la sabuni huchimbwa na kuchongwa likawa vinyago, sahani na vibweta, mafundi huchonga pia sataranji nzima, pamoja na wafalme, farasi na askari wake, zikauzwa hata ng'ambo. Na ni jambo linalostahili kutafakariwa na wazazi wa Kisii na Nyamira kwamba mchezo uo huo, ambao kwetu ni bidhaa ya sokoni, kwa wanazuoni wa kompyuta ni mlango wa ilimu kubwa.

Aghalabu mzazi amwonapo mwanawe ameinamia mchezo wa simu humkemea, wala hana lawama. Lakini kuucheza mchezo ni shughuli moja, na kuuchunguza ni nyingine kabisa. Tangu mwaka 1950, Claude Shannon wa Marekani alipochapisha makala ya kueleza jinsi mashine iwezavyo kucheza sataranji kwa kuzipima hatua zilizo mbele yake na kuchagua iliyo aula, michezo imekuwa mizani ya kupimia akili ya mashine. Jonathan Schaeffer, wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada, aliishughulikia drafti tangu 1989 hata 2007, ndipo akathibitisha kwamba wachezaji wawili wasiokosea hawana budi kutoka sare. Mwaka 2002, John Romein na Henri Bal wa Amsterdam walikwisha kuupitia mchezo wa awari, ndugu wa bao utokao Afrika Magharibi, wakahesabu hali zake zaidi ya bilioni 889, nao pia ukawa wa sare. Hata bao letu la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, lilitungiwa programu na watafiti wa Maastricht, Uholanzi; nami nasikitika kwa dhati kwamba kazi hiyo haikufanywa na mikono ya watu waliolelewa kando ya bao lenyewe.

Mwenye kuishika taaluma hii huanza na shahada ya kompyuta, akapanda hadi uzamili na uzamivu, kwani pasipo uzamivu ni taabu siku hizi kuajiriwa mhadhiri nchini Kenya. Kisha hufundisha utungaji wa programu na hesabu za mwendo na maumbo, akasimamia tasnifu za wanafunzi, akachunguza kama mchezo fulani humsaidia mtoto kusoma au humchosha tu, na kuyachapisha aliyoyaona. Wala manufaa yake hayaishii mchezoni: Demis Hassabis, aliyeanza ujanani kwa kutunga michezo ya kompyuta, alishiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2024 kwa kubashiri maumbo ya protini.

Chuo Kikuu cha Kisii, kilichoanza mwaka 1965 kama chuo cha ualimu wa shule za msingi, kikawa tawi la Egerton mwaka 1994 na kupewa hati yake Februari 2013, hufundisha kompyuta papo hapo mjini, si mbali na Keroka wala Ogembo. Basi, enyi wazazi na walimu wakuu, mtoto apendaye michezo msimnyang'anye simu tu mkamwacha hivyo. Mkazanieni hesabu, na mwulizeni mchezo ule umetungwaje.