Diski Inapogoma Ndani ya Dikoda

Dikoda ya setilaiti, ambayo Watanzania wengi huiita king'amuzi, ilikuwa kwa miaka mingi kifaa kisicho na sehemu inayosogea: ilipokea mawimbi kutoka kwenye dishi, ikayafungua, ikayapeleka kwenye televisheni, na kazi yake ikaishia hapo. Hali hiyo ilibadilika watengenezaji walipoitia diski ya kuhifadhia ili mtazamaji aweze kurekodi mechi au kusimamisha kipindi kinachoendelea, kwa kuwa pamoja na uwezo huo dikoda ilirithi pia udhaifu wa kompyuta. Diski ya kawaida ni sahani moja au zaidi zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika, huku kichwa cha kusomea na kuandikia kikielea juu ya uso wake bila kuugusa, katika nafasi nyembamba mno kuliko unene wa unywele. Kifaa cha namna hiyo, kikifungiwa ndani ya kisanduku chenye joto katika nyumba ambayo umeme wake haujatulia, hakikosi la kukisumbua.

Nakawa ni mahali panapofaa kulitazamia jambo hili. Tarafa hiyo, moja kati ya tano zinazounda jiji la Kampala, inaanzia Naguru na Ntinda na kuteremka kupitia Bugolobi na Mbuya hadi Luzira, ambako bandari ya Port Bell inalielekea Ziwa Viktoria. Ndani yake mna Taasisi ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano ya Uganda, mna chuo cha ufundi cha Nakawa, na kule Bugolobi yako makao ya Tume ya Mawasiliano ya Uganda inayosimamia utangazaji, hivyo kwamba wanaofundisha ufundi wa vifaa hivi, wanaosimamia matangazo na wanaoharibikiwa na dikoda ni majirani. Pamoja na ujirani huo, diski nyingi huhukumiwa kuwa zimekufa ilhali bado ni nzima, na kinachozimaliza hasa ni haraka ya kuzifomati, yaani kuufuta mpangilio wote wa kumbukumbu na kuandika mwingine, kabla ya kujua kasoro iko wapi.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba katika dikoda yenye diski ya ndani, diski haifanyi kazi wakati wa kurekodi tu. Ili kitufe cha kusimamisha kipindi kiweze kutumika wakati wowote, dikoda huandika kwenye diski kila kinachoonyeshwa tangu inapowashwa, ikakifuta cha zamani na kukiandika kipya juu yake, na baadhi ya dikoda huendelea kuizungusha diski hata zinapoonekana kuwa zimezimwa kwa rimoti. Ndiyo sababu diski yenye hitilafu huweza kuyumbisha hata picha ya kipindi cha moja kwa moja ambacho hakuna aliyetaka kukirekodi, na mwenye nyumba akapanda juu ya paa kulihangaikia dishi lisilo na kosa.

Kosa la upande wa pili hutokea vilevile, yaani diski kulaumiwa kwa dhambi za dishi. Kampala iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, katika nyuzi 32.6 hivi za mashariki, na setilaiti inayobeba matangazo ya DStv iko juu ya ikweta katika nyuzi 36 za mashariki, kwa hiyo mawimbi yake hushuka karibu wima na madishi ya jiji hili hulala chali kuliko yale ya nchi zilizo mbali na ikweta, yakikusanya vumbi, majani na maji. Zaidi ya hayo, mawimbi ya masafa hayo, yenye mizunguko ya kati ya bilioni 10 na 13 kwa sekunde, hudhoofishwa na matone makubwa ya mvua, na mvua za ziwa hazina uchache wa matone makubwa. Picha ikivunjika vipandevipande wakati wa mvua, dikoda huirekodi hivyohivyo, na mtu anayeitazama kesho yake chini ya jua kali hudhani kwamba diski ndiyo iliyoiharibu.

Kuna njia rahisi ya kuwatenganisha watuhumiwa hawa wawili, isiyohitaji chombo chochote. Kipande chenye kasoro kirudishwe nyuma na kutazamwa mara tatu au nne: picha ikivunjika kila mara katika sekunde ileile na kwa namna ileile, huku dikoda ikiendelea kutii rimoti bila kusita, kasoro hiyo mara nyingi iliingia pamoja na mawimbi, na pa kuanzia ni dishi na kebo, lakini ikivunjika mahali tofauti kila mara, au picha ikiganda na dikoda ikachelewa kuitika rimoti, basi kusoma ndiko kunakosumbua, na uchunguzi uingie ndani ya kisanduku. Sauti nayo husaidia, kwa maana diski inayotoa mlio wa kugonga unaojirudia huwa inajaribu kuanza kazi na kushindwa.

Hata mlio huo, hata hivyo, haujathibitisha kifo, kwa sababu diski inayokosa umeme wa kutosha nayo hugonga vivyo hivyo. Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote kwa mkazi wa Nakawa. Umeme wa nyumbani nchini Uganda ni wa volti 240, na usambazaji wake, uliokuwa mikononi mwa kampuni ya Umeme kuanzia mwaka 2005, ulirudishwa kwa kampuni ya serikali ya UEDCL mkataba ulipokwisha tarehe 31 Machi 2025. Lakini kwa diski, jina la msambazaji halina uzito kama namna umeme unavyokatika na unavyorudi. Unapokatika ghafla, kichwa hurudi mahali pake pa kuegeshwa kwa nguvu iliyobaki katika mzunguko wa sahani, na katika diski za kisasa jambo hilo kwa kawaida hufanyika salama. Kinachoharibika zaidi ni maandishi yaliyokuwa katikati ya kuandikwa, hasa yale ya daftari la diski, yaani sehemu inayoonyesha kila faili limewekwa wapi. Daftari likivurugika, dikoda huweza kutangaza kwamba hakuna diski kabisa, ijapokuwa rekodi zote bado zimo ndani.

Umeme unaporudi, huweza kuja ukiwa juu kuliko kawaida au ukacheza kwa muda kabla ya kutulia, na katika mitaa ambako mashine za kuchomelea vyuma zinatumia transfoma moja na nyumba za watu, volti hupanda na kushuka hata bila kukatika. Anayeathirika kwanza ni adapta au sehemu ya ndani inayogeuza umeme wa ukutani kuwa volti 12 na volti 5 zinazohitajika na diski. Ndani ya sehemu hiyo mna kapasita, vikopo vidogo vinavyohifadhi na kusawazisha umeme, ambavyo hukauka kwa joto na umri, na vikishakauka hutoa volti sahihi wakati mzigo ni mdogo lakini hulegea mzigo unapoongezeka. Diski ya ukubwa wa inchi 3.5 huweza kuvuta karibu ampea 2 katika sekunde zake za mwanzo inapoanza kuzunguka, kisha ikatosheka na sehemu ndogo ya kiasi hicho. Kwa hiyo dikoda inayowaka, ikafika katikati ya kujiandaa, ikazima na kuanza upya bila kikomo, inaeleza ugonjwa wake waziwazi kwa anayejua kuusikiliza: umeme wake hauwezi kuubeba mwanzo wa diski. Fundi huichomoa diski na kuiwasha dikoda bila hiyo. Ikiwaka vizuri, huirudisha na kupima volti wakati diski inapoanza, si kabla, na akikuta volti 5 zimeshuka chini ya 4.75, au 12 zimeshuka chini ya 11.4, anabadilisha kapasita au adapta na kuiacha diski ilivyo. Kifaa cha kulinda volti, kinachosubiri dakika chache baada ya umeme kurudi kabla ya kuuruhusu kupita, huzuia sehemu kubwa ya madhara haya.

Radi hupitia mlango mwingine. Bonde la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye ngurumo nyingi zaidi, na kebo inayotoka kwenye dishi ni waya mrefu ulioanikwa nje unaoingia moja kwa moja ndani ya dikoda. Kuchomoa plagi ya ukutani peke yake na kuiacha kebo ya dishi imeunganishwa ni kinga nusu, na dishi lisilounganishwa na ardhi kwa waya wa kutosha linaongeza hatari.

Kundi la pili la dikoda halina diski ya ndani bali tundu la USB ambamo mtumiaji huchomeka flashi au diski ndogo ya nje, na hapa matatizo hubadilika sura. Tundu la USB la kizazi cha pili limeruhusiwa kutoa ampea 0.5, na la kizazi cha tatu ampea 0.9, wakati diski ndogo ya inchi 2.5 huweza kuhitaji karibu ampea 1 inapoanza kuzunguka. Taa yake itawaka, diski itagonga kidogo, itanyamaza, na dikoda itasema kwamba haikuiona, ingawa diski hiyohiyo inafanya kazi bila shida kwenye kompyuta. Dawa yake ni kigawanyio cha USB chenye adapta yake cha kuiongezea umeme, au kutumia flashi, ambayo haina cha kuzungusha.

Kisha kuna malalamiko ya wapenda mpira, kwamba mechi iliyorekodiwa imekatika kabla ya bao la ushindi. Mara nyingi hapo hakuna kilichoharibika, ni hesabu tu. Chaneli ya picha ang'avu inayotumia megabiti 8 kwa sekunde huandika megabaiti 1 kila sekunde, sawa na gigabaiti 3.6 kwa saa. Mpangilio wa faili uitwao FAT32, ambao flashi nyingi huja nao kutoka dukani, haukubali faili moja kuzidi gigabaiti 4, na kwa kasi hiyo kikomo kinafikiwa baada ya saa moja na dakika kumi hivi, yaani muda mfupi tu baada ya kipindi cha pili kuanza. Dikoda zilizotengenezwa kwa uangalifu huikata rekodi katika vipande na kuviunganisha wakati wa kutazama. Nyingine huacha kurekodi bila kusema neno. Flashi ikipangwa upya kwa NTFS, exFAT au ext4, kutegemea ni upi kati ya mipangilio hiyo dikoda inaufahamu, tatizo linaisha.

Hesabu hiyohiyo inafichua jambo jingine: megabaiti 1 kwa sekunde ni mzigo mwepesi, na hata kurekodi chaneli mbili huku ya tatu ikitazamwa hakufiki uwezo wa diski ya kawaida. Dikoda inapolalamika kwamba diski ni ya polepole, maana yake mara nyingi ni kwamba diski inasita mahali fulani, ikirudia kusoma sekta mbovu, yaani kipande kidogo cha uso wake kisichosomeka tena, au kwamba waya wake umelegea. Iwapo ni flashi, huenda ni bandia, iliyotengenezwa ijitangaze kuwa na gigabaiti 128 ilhali ina 8 tu, ikikubali kila inachopewa na kutupa kilichozidi. Kipimo cha kuaminika ni kuijaza yote kwa programu kama h2testw, kisha kusoma kilichoandikwa na kukilinganisha.

Diski ikishatolewa na kuunganishwa kwenye kompyuta, kuna mtego mmoja unaostahili kutajwa kwa msisitizo. Dikoda nyingi huandika kwa mipangilio ya Linux ambayo Windows haiitambui, na Windows ikikutana na diski isiyoielewa humwuliza mtumiaji kama angependa kuifomati. Anayekubali, akidhani anatengeneza, anaufuta ushahidi wote. Jibu sahihi ni kukataa, kisha kuisoma taarifa ya afya ambayo diski hujiandikia yenyewe, iitwayo SMART. Kati ya namba zake nyingi, za maana hasa ni idadi ya sekta zilizohamishwa na idadi ya zinazosubiri kuamuliwa: zikiwa sifuri, diski ina haki ya kufikiriwa kuwa haina hatia hadi waya, umeme na daftari vichunguzwe, zikiwa zinaongezeka kila siku, hakuna kufomati kutakakoiponya.

Swali la kuokoa rekodi lina jibu ambalo wengi hawalipendi. Rekodi za chaneli za kulipia huhifadhiwa zikiwa zimefungwa kwa ufunguo wa dikoda au kadi iliyozirekodi, hivyo nakala yake kwenye kompyuta haifunguki, na gharama ya kuziokoa haina maana. Kilicho cha mtu mwenyewe ni habari nyingine, nayo Kampala ina mfano unaojulikana duniani: filamu ya Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa Wakaliga mwaka 2010, haina nakala yake ya ubora wa awali, kwa sababu mtengenezaji wake, Isaac Nabwana, alilazimika kuifuta kwenye kompyuta ili apate nafasi ya filamu iliyofuata. Video ya harusi iliyowekwa kwenye flashi ileile inayorekodia mpira imo katika hatari ya namna hiyo, kwani dikoda nyingi, zinapoandaa flashi kwa ajili ya kurekodi, huifuta yote.

Pale ambapo diski imethibitika kuwa mbovu kweli, mbadala wake usiwe diski yoyote iliyotoka kwenye kompyuta ya zamani. Diski ya kompyuta, ikikutana na sekta mbovu, huweza kuihangaikia kwa sekunde nyingi kwa sababu kazi yake ni kutopoteza hata herufi moja, ilhali diski za video huwekewa masharti ya kukata tamaa mapema na kusonga mbele, kwa kuwa doa dogo la nukta moja kwenye picha ni nafuu kuliko picha nzima kuganda. Diski zinazouzwa kwa ajili ya kamera za ulinzi zimetengenezwa kwa kazi inayokaribiana sana na hiyo, ya kuandika mchana na usiku bila kupumzika. Mwenye dikoda ya kulipia hana budi kusoma mkataba wake kwanza, kwa sababu kuifungua kunaweza kufuta dhamana, na mifumo mingine huikataa diski ambayo haikuwekwa na kampuni. Diski mpya ikikubaliwa, dikoda itaifomati yenyewe, na tundu za hewa za kisanduku zinapaswa kupulizwa vumbi siku hiyohiyo, maana diski nyingi za kawaida zimewekewa kikomo cha nyuzi 60 za joto, na kabati la televisheni lililofungwa milango ya kioo huisogeza karibu na kikomo hicho kila alasiri.